Shanga za Udongo

Masisi ni nchi ya vilima na malisho. Walikale ni nchi ya msitu mkubwa. Zote mbili zajulikana mbali kwa madini yao: koltani ya Rubaya na mawe ya bati ya Bisie. Udongo wa mfinyanzi haumleti mfanya biashara yeyote kutoka ng'ambo.

Kijana akikaa mapumzikoni na kufinyanga shanga au hereni, wako wakubwa watakaomcheka. Watasema, «Acha kuchezea matope.» Wengine watasema neno baya zaidi: «Hiyo ni kazi ya Watwa.» Wote wamekosa, na hawa wa pili wamekosa zaidi.

Kwanza, si mchezo. Udongo hutolewa mawe na mizizi, kisha hukandwa mpaka hewa itoke. Kila ushanga huviringishwa viganjani na kutobolewa kwa kijiti. Tundu lapasa kuwa pana kuliko uzi, kwa kuwa udongo hunywea ukikauka, na tena ukichomwa. Huko Walikale hewa ina unyevu na jua halitoshi. Ni heri kuziweka shanga juu ya jiko siku nyingi. Asiye na subira atajuta: maji yaliyobaki ndani hugeuka mvuke, na ushanga hupasuka motoni. Kazi ya juma zima hupotea mara moja!

Tanuru si lazima. Shimo dogo latosha, na majani makavu, na kuni, na vigae vya kufunikia. Moto huanza polepole, ndipo huongezwa. Udongo ukipata joto la digrii 600 hivi na zaidi, hauwezi tena kuwa matope. Penye hewa nyingi ushanga huwa mwekundu. Palipokosa hewa huwa mweusi.

Ni nani waliotunza elimu hiyo? Katika Rwanda, Burundi na Kivu, Watwa wengi walikuwa wafinyanzi tangu zamani. Jirani zao walinunua vyungu vyao, lakini walikataa kula nao. Kisha zikaja sufuria na ndoo za plastiki, na soko la vyungu likaanguka. Kula chakula cha chungu na kumdharau aliyekifinyanga ni aibu. Mwenyezi Mungu mwenyewe alimfanya Adamu kwa udongo, wala hakuna Mkristo anayeicheka kazi hiyo.

Huko Nairobi, mwaka 1975, mama mmoja aitwaye Susan Wood alianza kutengeneza shanga za udongo pamoja na wanawake wawili tu. Karakana hiyo, iitwayo Kazuri, ilikua ikapata wafanyakazi mamia, wengi wao akina mama wanaolea watoto peke yao, na shanga zao huuzwa hata Ulaya.

Labda mtu atajibu kwamba Masisi si Nairobi: umeme ni haba, na vita vimewahamisha watu wengi. Ni kweli. Lakini shimo la moto halihitaji umeme, na mkimbizi aachaye shamba na ng'ombe haachi ujuzi wa mikono yake.

Basi kijana atakaye kujifunza amwendee bibi mfinyanzi, amwamkie kwa heshima, na kumlipa kama mwalimu. Akitaka kufinyanga rozari, ahesabu shanga 59. Lakini afinyange 70, maana nyingine zitapasuka.