Kila Karakana Impokee Kijana Mmoja

Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, hapa Congo, haina mtu mvivu. Kuna wanaosukuma baiskeli zilizopakiwa bidoni za mawese, kuna wenye magunia ya mchele, na nyumbani kuna wanaotwanga na kupepeta. Kijana mwenye ulemavu wa akili ndiye anayebaki amekaa. Hapewi jembe wala pesa ya kwenda sokoni, kwa kuwa familia imekwisha kuamua kwamba hawezi. Anafikisha miaka ishirini hajui kuhesabu chenji.

Anaweza, akifundishwa.

Ulemavu huo si laana wala uchawi. Wapo waliokosa hewa mama alipopata uzazi mgumu, wapo ambao malaria iliwapanda kichwani, na wapo walioumizwa ubongo na surua. Kasongo inaifahamu surua kuliko miji mingi: utafiti wa chanjo yake uliofanywa hapa ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 1981.

Kazi ya kuanzia si lazima itoke mbali. Sabuni ya mawese inatosha. Soda kali ya kutengenezea sabuni apime fundi mwenyewe, maana huunguza ngozi na macho. Kijana aanzie mwishoni, kwenye kukata miche iliyoganda kwa kufuata alama zilizochorwa ubaoni. Akizoea kukata, arudi hatua moja nyuma, ajifunze kumimina; baadaye kukoroga mpaka uji uwe mzito, fundi akiwa karibu. Mtu awe yuleyule, maneno yaleyale, kila siku. Anayeanzia mwishoni huondoka siku ya kwanza ameshika mche uliokamilika, na hilo humpa hamu ya kurudi kesho. Noti ya faranga 500 nayo hufundishwa sokoni, kwa kununua chumvi.

Kuna mafunzo mengine yasiyongoja. Kabambare watu wamekimbia vijiji mara nyingi kwa sababu ya makundi yenye silaha, na kijana asiyeweza kutaja jina lake, la baba yake na la kijiji chake hupotea upesi. Msichana afundishwe kukataa kuguswa, na kumtaja aliyemgusa. Familia nyingi huona aibu kulisema hilo. Heri aibu hiyo kuliko msichana kudhurika.

Kwingine kazi hii imeshaanza. Jumuiya ya L'Arche iko Uganda tangu mwaka 1990, na watu wenye ulemavu wa akili huishi na kufanya kazi humo pamoja na wenzao. Kinshasa kuna kituo cha Village Bondeko, chini ya Kanisa Katoliki. Congo yenyewe ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2015, na sheria nambari 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki zao. Lakini sheria haimshiki mtu mkono ikamwonyesha cherehani.

Watakaomwonyesha ni mafundi wa Kasongo, Wamaza na Kabambare: washonaji, maseremala, wapika sabuni. Kila karakana itenge nafasi moja. Mapadri, wachungaji na maimamu watangaze jambo hili mbele ya waumini. Wauguzi wa vituo vya afya, wanaozijua nyumba walimo vijana hawa, wawashawishi wazazi. Nanyi wazazi, msimfiche tena: mpelekeni wiki hii kwa fundi wa jirani, mkaketi naye siku za mwanzo mpaka azoee.