Mtoto Akileta Elimu ya Moshi Nyumbani



Mama mpendwa, wiki hii tuipe kisogo bahari yetu kidogo tuelekee ufukwe wa ziwa, Kisumu, mji ambao Msikiti wake wa Jamia umesimama tangu mwaka 1919. Jambo linalotupeleka huko ni la mtoto wa shule ya msingi anayefundishwa habari za hewa safi, kisha akarudi nyumbani akamkuta mamaye katikati ya moshi.

Somo lenyewe hufundishika kwa kitu chepesi. Vipande vya karatasi nyeupe hupakwa mafuta ya mgando, kimoja kikatundikwa uwanjani, kimoja kando ya barabara, na kimoja jikoni. Baada ya siku chache watoto huvilinganisha. Kile kilichotundikwa karibu na mafiga aghalabu ndicho huwa cheusi zaidi, na hapo mtoto huelewa kwamba masizi yaliyonasa kwenye karatasi huingia pia kifuani mwake.

Watu wa Kisumu waujua moshi wa nje. Kwa miaka mingi taka za mji zilirundikwa katika jaa la Kachok, karibu na uwanja wa michezo wa Moi, na zilipoungua moshi ulitanda hadi mitaa ya jirani, kabla ya serikali ya kaunti kuanza kuzihamisha. Lakini moshi wa ndani hauna wa kuuhamisha ila sisi wenyewe. Huko mtaani Obunga, akina mama hukaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa. Moto ule ndio karo ya shule na ndio chakula cha jioni. Je, mama wa namna hii atamjibu nini mwanawe atakapomwambia, "Mama, moshi huu unatudhuru"?

Asimkemee. Nabii Ibrahimu, alayhi salaam, alimwendea baba yake kwa sauti ya upole na elimu ambayo mzee hakuwa nayo, na Qur'ani ikatuhifadhia adabu ile. Mtoto na afundishwe kusema kwa heshima, na mzazi naye asione haya kusikia.

Na analolisema ni kweli. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wasiotimiza miaka mitano. Chembe zake zilizo hatari zaidi ni ndogo mno hata pua haiwezi kuzizuia. Hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Mtoto hupumua kwa haraka kuliko mtu mzima, na yule aliye mgongoni mwa mama huvuta moshi uleule anaouvuta mamaye.

Si kila nyumba yenye uwezo wa gesi, wala Mola haikalifishi nafsi zaidi ya uwezo wake. Basi tuanze na tuliwezalo. Kuni zikauke vyema kabla ya kuwashwa. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe, ili moto usikae sana. Dirisha lifunguliwe, au meko yahamishiwe uani. Mtoto mchanga aachiwe dada yake mbali na moshi. Mifuko na chupa za plastiki zisiwe kamwe za kuwashia moto. Jiko la Upesi, ambalo chungu chake cha udongo hufinyangwa na vikundi vya akina mama magharibi mwa Kenya, hula kuni chache kuliko mafiga matatu.

Tumefundishwa kwamba aliyekula kitunguu saumu kibichi asiingie msikitini, asije akawaudhi wenziwe kwa harufu. Ikiwa harufu tu ina hukumu yake, moshi unaokausha kifua cha mtoto wa jirani una uzito gani? Hewa ni neema tusiyoilipia, na pumzi ya mtoto ni amana mikononi mwetu.

Basi jioni ya leo, mwanao akija na karatasi yake nyeusi, ipokee, umketishe, umwambie akueleze alichojifunza. Kisha mwende pamoja mkafungue dirisha.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu na atujaalie kuwa wasikivu. Amin.