Karatasi za Wachora Vibonzo Zisifungiwe Njugu

Ninamshukuru mhariri kwa kunipa nafasi hii ili nilitoe dukuduku ambalo limenikaa rohoni tangu muhula wa kwanza. Wengine wenu mtasema haya ni mambo ya kitoto. Nisomeni kwanza, ndipo mnicheke.

Hoja yangu ni kwamba chama chetu cha Kiswahili kianze kukusanya michoro halisi ya wachoraji wa vibonzo wa zamani, pamoja na barua walizoandika kwa mkono wao. Sisemi magazeti yaliyowachapisha. Nasema ile karatasi yenyewe aliyoiinamia mchoraji usiku akiwa na penseli na wino. Na zaidi ya wote nawatetea wale waliochora mambo ya ajabu: roketi, mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, mashine zinazofikiri, miji ya kesho. Hao ndio kazi zao hutupwa mwanzo, kwa sababu wakubwa waliona wanawapotezea watoto wakati wa kusoma.

Kuna mwenzangu darasani aliyeniuliza, "Kwani tofauti ni gani? Si picha ni ile ile?" La hasha! Sio ile ile hata kidogo. Mchoro halisi kwa kawaida ni mkubwa kuliko ule tunaouona gazetini. Marekani, kwa mfano, hadi karibu mwaka wa 1967, wachoraji wengi wa vitabu vya vibonzo walichora kurasa zenye upana na urefu wa kama mara mbili ya ukurasa uliochapishwa, kisha kamera ya mpiga chapa ikazipunguza. Ukitazama karatasi yenyewe utaona mistari ya penseli ya buluu hafifu, ambayo kamera ile haikuweza kuinasa. Utaona rangi nyeupe iliyopakwa mahali mkono ulipoteleza. Utaona kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa gundi juu ya uso wa shujaa, na chini yake uso mwingine ambao mchoraji hakuupenda. Gazetini haya yote hayamo. Gazeti linakuonyesha alichoamua mchoraji. Karatasi inakuonyesha akiwa bado anaamua. Kwa mtu anayetaka kujifunza kazi hii, hapo ndipo penye shule.

Barua nazo vivyo hivyo. Katika barua mchoraji anamwambia rafiki yake malipo yamechelewa, mhariri amekata picha mbili za mwisho, wino umepanda bei, au amepata wazo la safari ya kwenda mwezini na hajui msafiri atavaa nini. Nani atakuambia hayo pindi mwenyewe akishakwenda zake?

Sasa nije hapa kwetu Njiru. Katika ploti jirani na yetu alikaa mzee mmoja aliyekuwa akipamba matatu za Kangundo Road miaka ile ya 1990. Kila mtu alimjua kwa kazi ya rangi. Wachache tu walijua kwamba kabla ya kugusa gari alichora kwanza kwenye manila, na kwamba jioni alichora hadithi zake mwenyewe za picha. Alifariki mwaka jana. Familia ikarudi mashambani, keateka akataka nyumba iwe wazi kufikia mwisho wa mwezi, basi karatasi zikatolewa nje na magunia ya vyombo vilivyovunjika. Wiki mbili baadaye nilinunua njugu za shilingi kumi pale steji. Nilipoifungua ile karatasi niliona nusu ya kofia ya mwanaanga.

Nilimwomba yule mama wa njugu zilizobaki. Aliniambia, "Mwanangu, hizo zingine zimeisha kitambo." Nilipata tatu. Mbili ni za matatu yenye mabawa inayopita juu ya jumba la mikutano la KICC, kondakta akining'inia mlangoni kama kawaida, huku anga lote ni nyota. Ya tatu ni barua kutoka kwa mhariri wa gazeti fulani, inayomweleza kwa adabu kwamba michoro yake ni mizuri lakini hadithi haiwezi kuchapishwa kwa kuwa matatu haziruki. Pembeni, kwa biro nyekundu, mzee ameandika neno moja: "Bado."

Niliisoma barua hiyo mara nyingi kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha riwaya mwaka huu (Mwalimu wa Fasihi anisamehe). Hadithi yenyewe ilikuwa na kurasa ngapi? Iliishaje? Hayo yote yameliwa pamoja na njugu.

Msidhani kwamba hadithi za anga ni mambo ya Wazungu tu. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, nayo ikawa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei zinazotoka angani. Roketi ziliruka kutoka pwani yetu wakati babu zetu wakiwa vijana! Ingekuwa ajabu kama hakuna Mkenya aliyeshika penseli akazichora.

Na vibonzo tunavyo tangu zamani. Edward Gicheru Gitau alimuumba Juha Kalulu katika miaka ya 1950, na wazazi wetu wengi walijifunza kusoma Kiswahili kwa kumfuata Juha katika Taifa Leo. Ndugu zetu wa Tanzania walikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Mwaka wa 1973 Terry Hirst na Hilary Ng'weno walianzisha jarida la Joe hapa Nairobi, likadumu hadi 1979. Halafu kuna Frank Odoi, ambaye mimi ndiye ninayempenda kuliko wote. Alizaliwa Ghana, akaja Kenya, akakaa hapa hadi mwisho wa maisha yake. Ndiye aliyetuchorea Golgoti, na ndiye aliyetupa Akokhan, shujaa wa ajabu ambaye nguvu zake zinatoka katika visa vya Afrika wala hazikuazimwa kutoka kwa Superman. Odoi alifariki Aprili 2012 katika ajali ya matatu humu humu Nairobi. Mtu aliyewafundisha watoto kuota mambo makubwa hivyo, akaondoka akiwa abiria kama mimi na wewe tunaporudi nyumbani jioni.

Ukitaka kuona magazeti ya zamani, nenda maktaba ya McMillan mjini, iliyofunguliwa 1931. Magazeti ya miaka mingi yamewekwa pale. Tena sheria yetu ya vitabu na magazeti inamtaka mchapishaji apeleke nakala za anachochapisha. Lakini sheria hiyo inahusu nakala zilizochapishwa. Karatasi ya mchoraji haimo. Hiyo ikishapigwa picha ya kuchapishia, imebaki kwa bahati yake: droo ya mhariri, chini ya kitanda, au steji ya Njiru.

Wenzetu ng'ambo nao walifanya makosa hayo hayo, tusiwaone malaika. Kampuni za vibonzo Marekani zilikuwa zikiharibu michoro halisi kama takataka. Jack Kirby, aliyewachora mashujaa mnaowaona siku hizi katika sinema za Marvel, alichora maelfu kwa maelfu ya kurasa, na ikabidi avutane na kampuni kwa miaka hadi 1987 aliporudishiwa zipatazo 2,000 hivi. Uingereza, Frank Hampson alianzisha hadithi ya rubani wa anga Dan Dare katika jarida la Eagle mwaka wa 1950. Alitengeneza hata mifano midogo ya vyombo vya anga ili avichore sawasawa. Hata hivyo, haki za Dan Dare hazikuwa zake.

Ndipo watu wakazinduka. Mwezi Novemba 2016, ukurasa mmoja tu, narudia, mmoja, aliouchora Hergé wa Ubelgiji katika kisa cha Tintin kutembea mwezini, uliuzwa mnadani mjini Paris kwa zaidi ya euro milioni 1.5. Hesabu mwenyewe kwa shilingi, mimi kalkuleta yangu ilikataa.

Najua mkishasikia mamilioni mtaanza kunitazama kwa jicho lingine. "Kumbe huyu anatafuta pesa!" Sivyo. Kwanza, kununua mchoro hakukupi hakimiliki yake. Huwezi kuuchapisha kwenye fulana ukauze Gikomba. Haki hiyo hubaki kwa mchoraji, na kwa sheria ya Kenya huendelea kuwa ya warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Pili, tangu sheria iliporekebishwa mwaka wa 2019, kazi ya sanaa kama mchoro ikiuzwa tena kibiashara mwenyewe anastahili asilimia 5. Mimi naona hiyo ni haki kabisa. Mkusanyaji anayemficha mchoraji bei ni mwizi mwenye adabu tu.

Mwenzangu mwingine, yule wa kompyuta, alinipinga hivi: siku hizi wachoraji wanachora kwenye kioo, hakuna karatasi, basi unakusanya nini? Mimi nasema hapo amenisaidia bila kutaka. Kama wa sasa wanachora kwenye kioo, basi karatasi za miaka ya 1960 hadi ya 1990 haziongezeki tena. Kila inayofungiwa njugu imepunguza hesabu moja kwa moja. Na barua je? Nani kati yetu amewahi kuandika barua na kuitia stempu, ukiacha zile za mtihani wa insha?

Anayesema Mkenya hana desturi ya kukusanya, aende akaone Nyaraka za Kitaifa pale Moi Avenue, mahali mnapopita kila mkienda kupanda gari za Eastlands. Ndani mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka wa 1966. Alikusanya vitabu, stempu, barua, vinyago na vitambaa vya Afrika wakati wengine waliviona ni vitu vikuukuu. Yeye alikuwa na uwezo, ndiyo. Sisi tuna kabati moja lenye mlango usiofunga. Lakini haba na haba hujaza kibaba, nasi tuna kitu ambacho hakuwa nacho: wanachama arubaini na mbili, kila mmoja ana mjomba, shangazi au jirani.

Kuhusu utunzaji nimeulizia na kusoma kidogo. Msipeleke mchoro sayba ukafungwe kwa plastiki ya moto. Ukishafungwa hautoki tena. Msitie selotepu, kwa kuwa gundi yake hugeuka kahawia na kula karatasi. Karatasi ya gazeti yenyewe hubadilika rangi haraka, kwa hivyo isilaliane na mchoro. Zilazwe bapa, mbali na jua na mbali na bati, na nyuma paandikwe kwa penseli, si biro, jina la mchoraji, mwaka na aliyetupatia. Vumbi la Njiru mnalijua, na mende wa maabara mnawajua pia. Boksi lenye kifuniko ni lazima.

La muhimu zaidi ni kwamba tusingoje watu wafe. Wako wachoraji wa matatu waliostaafu hapa Njiru, Kayole na Dandora. Wako waliochorea magazeti ambao wangali hai, na sidhani kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuwaandikia kuwauliza lolote. Tuwaandikie kwa Kiswahili kizuri, tuwaombe watujibu kwa mkono wao, na tutie ndani bahasha yenye stempu ili wasiingie gharama. Asiyetaka kutoa mchoro atuandikie barua tu. Na anayetaka kulipwa tumwambie ukweli wa mfuko wetu mapema.

Nimeshaandika barua mbili za kwanza kama kielelezo, nazo ziko kwa katibu. Zinangoja sahihi ya mwalimu mlezi na pesa za stempu nne. Boksi nimelipata kwa mwenye duka la viatu, na zile karatasi tatu za mzee tayari zimo ndani.