Nani Alikuwa Kisimani Kwanza?

Mtu akiitazama ramani ya Australia huona miji imesongamana kandokando ya bahari, na katikati ya bara nafasi pana iliyo karibu tupu. Hapo yametawanyika majina machache yaliyoachana kwa mamia ya kilomita: Birdsville, Marree, Halls Creek, Barcaldine, Kalkarindji. Ni miji midogo ya ufugaji. Birdsville ina wakazi wapatao 100 tu. Vitabu vinavyouzwa kwa wageni husimulia habari za miji hiyo kwa namna moja: alikuja mtu shujaa na ng'ombe wake, akapata maji, akajenga nyumba, na historia ikaanza.

Sisi wa Tume ya Haki na Amani tumeona vema kuichunguza simulizi hiyo, ingawa nchi yenyewe iko mbali nasi. Mambo ya ardhi, maji na mifugo hayana ugeni kwetu. Zaidi ya hayo, katika miji hiyo lilitendeka jambo ambalo kila mtetezi wa haki apaswa kulitafakari: watu walipewa mshahara wa haki, na kwa kupewa huo wakapoteza makao yao.

Tuanze na maji, maana ndiyo yaliyopanga kila kitu. Mwaka 1865 mpima ardhi mkuu wa Australia Kusini, George Goyder, alichora mstari katika ramani ya jimbo lake. Kusini ya mstari mvua ilitosha kulima ngano. Kaskazini yake ilifaa malisho tu. Ikaja miaka michache ya mvua njema, watu wakampuuza. Mwaka 1878 ulipimwa mji mbali kaskazini ya mstari ule, ukaitwa Farina, neno lenye maana ya unga. Unga huo haukupatikana. Mji uliishi kwa reli na mifugo, na reli ilipohamishwa mwaka 1980 hapakuwa na kilichobaki ila kuta za mawe. Wakuu wanaopanga makazi ya watu wakiwa ofisini wangefaidika kwenda kuzitazama.

Mahali pengine mvua ilipokosekana, wafugaji walichimba chini. Chini ya Queensland na majimbo ya jirani kuna hazina ya maji iliyoenea katika eneo la kilomita za mraba milioni 1.7, na maji yake hupanda yenyewe yakitobolewa. Tangu miaka ya 1880 vilichimbwa visima vingi sana, na maji yakaachwa yatiririke usiku na mchana katika mifereji ya wazi, sehemu kubwa ikipotea kwa jua na mchanga. Shinikizo la maji likashuka, na chemchemi nyingi za asili, ambazo wenyeji wa kale walizitegemea na kuzitunza kwa vizazi visivyohesabika, zikakauka. Kazi kubwa ya kuviziba visima hivyo ilipamba moto mwishoni mwa karne ya 20 tu.

Na maji ya mwanzo yalipatikanaje? Katika mwaka 1906 serikali ya Australia Magharibi ilimtuma Alfred Canning kupima njia ya kupitishia ng'ombe kutoka Halls Creek hadi Wiluna, mwendo wa kilomita zipatazo 1,850 katika jangwa. Canning aliwakamata wenyeji, akawafunga minyororo, akawalazimisha kumwonyesha visima vyao. Mpishi wa msafara alilalamika, na mwaka 1908 ikaundwa Tume ya Kifalme kuchunguza. Minyororo haikukanushwa, lakini Canning hakutiwa hatiani. Alirudi kuvijenga visima vya njia ile, vipatavyo 50. Katika ramani vikapewa namba. Kwa wenyewe vilikuwa na majina. Ndiyo maana twasema kwamba anayeambiwa mfugaji fulani "aligundua maji" na aulize kwanza ni nani aliyemwonyesha.

Ng'ombe walipofika, waliyanywa maji hayo na kuyachafua, wakala majani, wanyama wa kuwindwa wakatoweka. Wenyeji wenye njaa walichinja ng'ombe, bunduki ikajibu. Mwaka 1928, wakati wa ukame mkali, mzungu mmoja aliuawa penye kisima karibu na ranchi ya Coniston, kaskazini-magharibi ya Alice Springs. Msafara wa polisi na raia ukazunguka wiki kadhaa ukipiga risasi. Uchunguzi wa serikali ulihesabu watu 31 waliouawa na kuamua kwamba mauaji yalikuwa halali. Wazao wao husema waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hao. Mkuu wa polisi wa eneo hilo aliomba radhi mwaka 2018, yaani baada ya miaka 90.

Waliosalia hawakuhama wote. Wengi walibaki katika nchi yao wenyewe, sasa wakiwa wafanyakazi wa ranchi. Wanaume walichunga, walifuga farasi, walijenga nyua. Wanawake walipika, walifua na kulea watoto wa wenye ranchi. Malipo yao yalikuwa unga, sukari, chai, tumbaku na nyama, pengine na fedha kidogo. Ranchi zote za kaskazini zilisimama juu ya kazi hiyo, na hili si tusi kwa wafugaji weupe, ambao nao walizikwa na ukame na madeni. Ni hesabu tu ya nani alifanya kazi gani.

Hapa tukumbuke mwaka 1891. Mwaka huo wakata manyoya ya kondoo wa Queensland waligoma, na makao ya mgomo yalikuwa mji wa Barcaldine. Serikali ilipeleka askari. Viongozi wa mgomo wakafungwa. Mgomo ukiwa bado haujaisha, tarehe 15 Mei, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wa Rerum Novarum juu ya haki za wafanyakazi. Waaustralia huutaja mgomo ule kama moja ya chimbuko la chama chao cha wafanyakazi, na mti uliokuwa mahali pa mikutano uliheshimiwa kama mnara hata mtu asiyejulikana alipoutilia sumu mwaka 2006. Tunawaheshimu wagomaji wale. Lakini vyama vyao viliwakataa Wachina, na mwenyeji asilia aliyefanya kazi kwa unga na chai hakuingia katika hesabu yao. Haki waliyoidai ilikuwa na mipaka ya rangi.

Wenyeji walilazimika kugoma wenyewe. Mwaka 1946 mamia ya wafanyakazi wa ranchi za Pilbara waliacha kazi, na mgomo wao ukadumu hadi 1949. Kisha, tarehe 23 Agosti 1966, ikaja siku ya Wave Hill.

Ranchi ya Wave Hill iko katika nchi ya watu wa kabila la Gurindji, mwendo wa zaidi ya kilomita 450 kusini-magharibi ya mji wa Katherine. Ilianzishwa mwaka 1883, na tangu 1914 ilishikwa na kampuni ya Vestey ya Uingereza, wafanyabiashara wa nyama. Katika miaka ya 1940 wataalamu wawili, mume na mke, Ronald na Catherine Berndt, waliajiriwa na kampuni yenyewe kuchunguza hali ya wafanyakazi. Walikuta chakula duni, makazi mabovu na afya mbaya. Mwaka 1966 hali ilikuwa bado mbaya. Mzee Vincent Lingiari akawaongoza wachungaji, watumishi wa nyumbani na familia zao, watu wapatao 200, wakatoka ranchini kwa miguu.

Wengi walidhani hawa wanataka nyongeza ya mshahara. Hata vyama vya wafanyakazi vilivyowasaidia viliona hivyo mwanzoni. Lakini mwaka 1967 walihamia Wattie Creek, ambako wao hupaita Daguragu, mahali penye maji na penye maana kwao, wakamwandikia Gavana Mkuu wakidai sehemu ya nchi yao irudishwe. Walikataliwa. Hawakuondoka. Walikaa miaka minane, hata tarehe 16 Agosti 1975 Waziri Mkuu Gough Whitlam alipofika na kumimina mchanga wa nchi ile katika kiganja cha Lingiari, ishara ya kuwarudishia zaidi ya kilomita za mraba 3,000. Hatimiliki kamili ilipatikana mwaka 1986. Lingiari alifariki mwaka 1988.

Sasa tulinganishe na yaliyowapata wengine. Mnamo Machi 1966, miezi michache kabla ya watu wa Wave Hill kutoka, chombo cha taifa cha kuamua migogoro ya kazi kiliamuru kwamba wachungaji Waaborijini walipwe sawa na weupe, kuanzia Desemba 1968. Nani angeupinga uamuzi huo? Ulikuwa wa haki, na ulichelewa mno. Lakini wenye ranchi walisema hawawezi kulipa mishahara hiyo na tena kulisha wazee na watoto. Zama za helikopta, pikipiki na malori makubwa zilikuwa zimeanza, na wachungaji wengi hawakuhitajiwa tena. Familia nzima nzima ziliambiwa ziondoke, au zilinyimwa chakula mpaka zikaondoka. Zilikwenda mijini: Halls Creek, Fitzroy Crossing na kwingineko. Huko hapakuwa na nyumba wala kazi. Kando ya miji ikaota kambi za mahema na mabati, na watu waliojua kila bonde la nchi yao wakawa wakimbizi wa kungojea posho ya serikali. Ulevi na magonjwa vikafuata, kisha magereza.

Wapo wanaosema uamuzi wa mishahara ndio uliowaharibu. Hatukubali. Mtu hawezi kuharibiwa kwa kulipwa jasho lake. Kilichowaharibu ni kwamba walilipwa kama wageni. Sheria iliwatambua kuwa ni mikono ya kazi, haikuwatambua kuwa ni wenye nchi; mikono ilipokuwa ghali, ikafukuzwa. Wagurindji hawakuponywa na umaskini, lakini waliposimama juu ya ardhi hawakuweza kuambiwa ondokeni. Mafundisho ya Kanisa juu ya ujira wa haki ni ya kweli, na tunayahubiri. Tunaongeza tu kwamba kwa mfugaji ujira usio na ardhi ni nusu ya haki, na yaweza kuwa nusu ile inayoua.

Sheria ya Australia ilichelewa kulijua jambo hili. Hadi tarehe 3 Juni 1992 msingi wake ulikuwa kwamba bara lile, Waingereza walipofika, halikuwa na wenyewe machoni pa sheria. Siku hiyo Mahakama Kuu, katika shauri la Eddie Mabo na wenzake, iliutupa msingi huo. Mwaka 1996, katika shauri la Wik, ikaamua kwamba kumpangisha mfugaji malisho si lazima kufute haki ya wenyeji. Zikigongana, ya mfugaji hushinda. Huo ulikuwa uamuzi wa kiasi, lakini kelele zilizopigwa zilikuwa kana kwamba ng'ombe wote wamenyang'anywa, na mwaka 1998 Bunge likapunguza haki za wenyeji.

Dola ileile ilitawala huku kwetu. Kwa mikataba ya 1904 na 1911 Wamasai wa Kenya waliondolewa katika malisho ya Bonde la Ufa, kisha ya Laikipia, ili kuwapisha walowezi. Baadhi yao walipokwenda mahakamani mwaka 1913 waliambiwa kwamba mikataba ile ilikuwa baina ya dola na dola, na kwa hiyo mahakama haina mamlaka ya kuisikiliza. Tazameni basi: kule Australia mwenyeji alihesabiwa kuwa si kitu, na kwa sababu hiyo hana ardhi; hapa alihesabiwa kuwa dola ya kigeni, na kwa sababu hiyo hana mahakama. Hoja mbili zinazopingana, na ng'ombe wanaofukuzwa ni walewale.

Kanisa nalo halikuwa mbali. Hospitali ya wamisionari wa Kipresbiteri ilifunguliwa Birdsville mwaka 1923, na juhudi za mchungaji wao John Flynn zilizaa huduma ya madaktari wa ndege, iliyoanza Cloncurry mwaka 1928 na ambayo mpaka leo huokoa maisha ya watu. Lakini misheni za madhehebu mbalimbali, la kwetu likiwemo, zilipokea pia watoto waliochukuliwa kwa nguvu kutoka kwa mama zao. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alipokutana na Waaborijini huko Alice Springs mwaka 1986, alisema waziwazi kwamba kutambua haki yao ya ardhi si ubaguzi, na kwamba Kanisa la Australia halitakuwa kamili mpaka nao watoe mchango wao na upokelewe kwa furaha.

Mapokezi hayo yangali yanasuasua. Mwaka 2019 serikali ya Queensland ilikubali kulipa dola milioni 190 za Australia kwa ajili ya mishahara ambayo kwa miongo mingi ilishikwa na serikali badala ya kupewa wafanyakazi wenyewe. Wengi wao walikuwa wamekwisha kufa. Tarehe 14 Oktoba 2023 wapiga kura wa taifa, kwa asilimia zipatazo 60, walikataa pendekezo la kuweka katika katiba baraza la kuwasemea wenyeji asilia mbele ya Bunge na serikali.

Huko Wave Hill, sehemu kubwa ya ranchi ilibaki mikononi mwa wafugaji wa biashara. Mnamo Septemba 2020 Mahakama ya Shirikisho ilitambua kwamba Wagurindji na jamaa zao wana haki ya jadi juu ya eneo la ranchi hiyo: kuwinda, kukusanya chakula, kufanya ibada zao, na kushauriwa kabla ya wachimba madini kuingia. Ng'ombe wa mwenye ranchi wanaendelea kulisha hapohapo. Njia waliyoipita wagomaji wa 1966 iliorodheshwa mwaka 2007 miongoni mwa urithi wa taifa, na kila Agosti wazao wao hukusanyika Kalkarindji na kuipita tena, wazee wachache waliosalia wakisafirishwa kwa gari.