Karatasi Kuukuu Si Takataka

Wako wasemao kuwa nyumba ya nyaraka ni kaburi la karatasi, na kwamba habari za kale yatosha kuwauliza wazee. Hilo ni kosa. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza waliokaa Vugiri, Tanganyika, walitengeneza filamu 35 za kuwafunza Waafrika, zikaonyeshwa hata Kenya. Leo zajulikana tatu tu zilizosalia. Wazee walioziona tutawatoa wapi? Habari za zilizopotea twazipata kwa kuwa watengenezaji waliandika kitabu mwaka 1937, na maktaba zikakitunza. Lakini hayo ni maneno yao, si ya watazamaji. Basi, kijana, ingia maktaba. Fungua majalada ya Nyaraka za Taifa, Nairobi. Pima neno kwa neno. Asiyeitafuta historia yake huandikiwa na wengine.