Hofu ya wizi wa kadi yageuzwa bidhaa

Wenye biashara ya kadi za mkopo hupenda kuuzungumzia wizi wa kadi kama janga linalowajia kutoka nje, mithili ya moto au mafuriko. Historia ya biashara hiyo nchini Marekani na Uingereza inaonyesha vingine. Sehemu kubwa ya wizi ilizaliwa na namna kadi zilivyotafutiwa wateja, na baadaye hofu ya wizi huo nayo ikawekwa sokoni.

Mwezi Septemba 1958, Bank of America iliwatumia wakazi wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta. Hakuna aliyekuwa ameziomba. Hesabu ya benki ilieleweka: mwenye duka hawezi kupokea kadi ambayo hakuna mnunuzi anayo, na mnunuzi hawezi kuomba kadi isiyopokewa dukani. Dawa ikawa kuugawia mji kwa mpigo mmoja. Benki ilitarajia wateja asilimia 4 wachelewe kulipa, wakafika asilimia 22. Wezi nao walipata karamu. Hasara iliyokubaliwa hadharani ilizidi dola milioni 8.8, na ukijumlisha matangazo na gharama za uendeshaji ilikaribia milioni 20. Joseph Williams, aliyeuongoza mpango huo, akaondoka. Mpango wenyewe haukuondoka. Ulisafishwa, ukaendelea, na mwaka 1976 kadi hiyo ikapewa jina la Visa.

Somo lingetosha, lakini kuelekea Krismasi ya mwaka 1966 mabenki ya Chicago yaligombania wateja kwa mtindo ule ule. Kadi zilitumwa kwa mamilioni, nyingine zikaangukia kwa watoto, nyingine zikaibwa kabla hazijafika. Mwaka 1970 Bunge la Marekani lilichoka. Lilipiga marufuku kumtumia mtu kadi asiyoiomba, likaweka pia kwamba mwenye kadi ya mkopo iliyoibwa hatadaiwa zaidi ya dola 50.

Mabenki hayakuifurahia sheria hiyo, ingawa hakuna tangazo la biashara lililowahi kuyasaidia kiasi hicho. Mnunuzi aliyejua kwamba hasara yake haivuki dola 50 alitoa kadi bila kusita. Mzigo ulihamia kwa benki na kwa mwenye duka. Anayeuza kwa simu au kwa intaneti ndiye anayeumia zaidi, kwani mteja akiikana malipo, muuzaji hupoteza mzigo na fedha, na juu yake hutozwa ada. Muuzaji huyo si mjinga. Hasara huiingiza katika bei, na anayelipa taslimu huchangia bila kujua.

Kwa mtazamo huo inaeleweka kwa nini Marekani ilichelewa kuachana na kadi za utepe wa sumaku, ambazo mwigaji huzinakili kwa urahisi. Uingereza ilishurutisha matumizi ya kadi zenye chipu na namba ya siri mwezi Februari 2006. Wamarekani walisubiri hadi Oktoba 2015, ndipo ilipoanza kutumika kanuni ya makampuni ya kadi kwamba duka lisilo na mashine ya chipu litabeba lenyewe hasara ya kadi bandia. Kubadili mashine ni gharama, na mteja aliyekwamishwa kwenye kaunta huchomoa kadi ya mshindani. Wizi ulionekana nafuu kuliko usumbufu.

Hadi hapo ni hesabu ya kibiashara tu, hata kama ni ya ubinafsi. Kilichofuata ni kibaya zaidi. Kwa kuwa mteja hakujua vizuri kwamba tayari amelindwa, walitokea waliomuuzia ulinzi huo mara ya pili.

Kampuni ya Uingereza iitwayo CPP iliuza bima ya kadi kwa takriban paundi 30 kwa mwaka, ikijinadi kwa kinga ya hadi paundi 100,000 dhidi ya wizi. Kwa kawaida hasara hiyo ilikuwa juu ya benki, siyo ya mteja. Na wanunuzi wengi walipatikana kupitia benki zao wenyewe: mtu alipiga simu kuthibitisha kwamba kadi yake mpya imefika, akajikuta anazungumza na muuza bima. Mwezi Novemba 2012 CPP ilitozwa faini ya paundi milioni 10.5. Mwaka uliofuata kampuni hiyo pamoja na mabenki na watoa kadi 13 walikubali mpango wa kuwafidia wateja wapatao milioni 7, kwa fedha zinazoweza kufikia paundi bilioni 1.3.

Marekani haikuwa safi. Mwezi Septemba 2013 benki ya Chase iliamriwa kurudisha dola milioni 309 kwa wateja zaidi ya milioni 2 waliokatwa ada za kulindiwa majina na kadi zao, huduma ambayo hawakuipata. Kituko kikubwa kilikuwa cha kampuni ya LifeLock, ambayo mkuu wake, Todd Davis, alitangaza namba yake halisi ya hifadhi ya jamii kwenye matangazo ili kuonyesha kwamba hakuna wa kumgusa. Mwaka 2007 mtu mmoja huko Texas akakopa dola 500 kwa namba hiyo hiyo. LifeLock ililipa dola milioni 12 mwaka 2010 kumaliza shauri la matangazo ya uongo, na milioni 100 nyingine mwaka 2015.

Mwenye kadi iliyotolewa Dar es Salaam au Nairobi hana nafasi chini ya sheria ile ya dola 50, ambayo ni ya Marekani peke yake. Haki yake imo katika mkataba aliotia saini, mara nyingi katika maandishi madogo: kadi ikipotea, hasara ni ya nani kabla ya kutoa taarifa, ni ya nani baada yake, na malalamiko yapelekwe ndani ya siku ngapi. Muuza kinga akipiga simu, aulizwe kwanza ni hasara ipi anayoikinga ambayo mkataba huo haujaibebesha benki.