Mapafu yako nayo ni mtaji

Kila siku tunaongea bei, picha na kutuma mizigo kwa basi. Leo naomba tuongee moshi.

Wengi wetu tunaouza mtandaoni hatuna kiwanda. Kiwanda ni jiko la nyumbani. Mimi hapa Sumbawanga nauza karanga za kukaanga na migebuka kutoka Kasanga, ambayo naimalizia kuikausha kwa moshi mwenyewe. Wenzangu wanaoka mikate kwa mkaa, wengine maandazi ya kuni. Mteja wa Dodoma anaona picha imekaa vizuri kwenye WhatsApp, analipia. Moshi hauonekani kwenye picha. Unaoupata ni wewe, na mtoto uliyembeba mgongoni.

Ndiyo maana siupendi ule ushauri wa "anzia jikoni kwako, haina gharama." Gharama ipo. Unailipa kwa mapafu, ila haimo kwenye daftari lako.

Moshi wa kuni umebeba chembe ndogo mno, nyingine nyembamba kuliko unywele mara 20 na zaidi. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu, na nyingine zinaingia kwenye damu. Kwa hiyo usidhani shida ni macho kuwasha na kikohozi tu. Miaka ikipita unazungumzia ugonjwa wa moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, mtoto wa jicho, na nimonia kwa watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Gawa kwa siku 365 uone mwenyewe.

Kuna wanaosema, "mimi natumia mkaa, hauna moshi." Hapo ndipo pa kuogopa zaidi. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kuliko oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Sisi wa Ufipa tupo juu, Juni na Julai baridi inauma kweli. Mtu anaingiza jiko chumbani, anafunga dirisha, anakaa kufungasha oda usiku. Kichwa kikianza kuuma, ukasikia kizunguzungu, kichefuchefu au usingizi usioeleweka, usitafute panadol. Toka nje na utoe kila aliyemo, halafu muwahi hospitali. Na mkiumwa kichwa watu wawili chumba kimoja kwa wakati mmoja, jua ni jiko hilo.

Najua mtaniambia gesi ni ghali. Ni kweli, na serikali yenyewe inalijua hilo: Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wafikie nishati safi ifikapo 2034. Lengo zuri, ila oda zako ni za wiki hii. Na samaki wa moshi hawakaushwi kwa gesi. Kwa hiyo tuanze na yanayowezekana:

1. Toa moto nje. Banda la bati lenye pande wazi linatosha. Simama upande upepo unakotokea, siyo unakoelekea.

2. Tumia kuni kavu. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na zinachelewesha kazi. Nunua mapema, panga juani.

3. Usiwashie moto mifuko ya plastiki wala mpira. Ile ni sumu kwako na kwa chakula cha mteja.

4. Jenga bomba la moshi. Wazee wetu Wafipa walikuwa na malungu, matanuru marefu ya kuyeyushia chuma ambayo yalivuta hewa yenyewe bila mivukuto, kwa sababu hewa ya moto hupanda na kuvuta nyingine chini. Bomba la jiko linafanya kazi kwa akili hiyohiyo.

5. Kwa wa samaki: muulize afisa uvuvi kuhusu tanuri la FTT-Thiaroye, lililobuniwa na FAO pamoja na chuo cha uvuvi cha Senegal. Linapunguza sana moshi anaovuta mkaushaji.

6. Mtoto na mjamzito wasikae karibu na moto. Na barakoa ya kitambaa isikudanganye, chembe hizo zinapita.

Hela itoke wapi? Itoke kwenye bei. Ongeza shilingi 200 kwa kila oda, uiweke pembeni usiiguse. Ukitoa oda 10 kwa siku, siku 26 za kazi, ni 52,000 kwa mwezi. Miezi michache una bati za banda, au mtungi mdogo wa kukaangia karanga na maandazi, hata kama samaki wanabaki kwenye kuni.

Kuna wateja watakaosema umepandisha. Waeleze. Mtu anayelipia nauli ya basi mpaka Dodoma hawezi kukukimbia kwa shilingi 200. Na akikimbia, huyo hakuwa mteja wa kufia moshini.

Tunahesabu mkaa, mafuta, mifuko na nauli hadi shilingi ya mwisho. Anayefanya kazi yote hiyo naye ahesabiwe. Kama una mwenzako anayekausha samaki au kuoka ndani ya nyumba, mtumie hii kabla baridi ya Juni haijaanza.